Kumwachia Mungu: ni kusamehe, au ni kisasi kwa mkono mwingine?

Mwana wa Michungwa (Tanga) – swali

Ndugu zangu katika imani, Wakristo kwa Waislamu, natanguliza salamu na heshima. Naleta jambo lililonikalia moyoni kwa miaka kadhaa, na nawaomba walio na elimu ya dini kuliko mimi wanisaidie kulitazama.

Baba yetu alifariki mwaka 2016, akatuachia shamba la michungwa la ekari 6, na Mahakama ya Mwanzo ikamteua mama kuwa msimamizi wa mirathi. Mwaka uliofuata, mama alipokuwa Dar es Salaam akimuuguza dada yangu, baba mdogo aliuza ekari 3 za upande wa barabarani kwa mtu wa kutoka mbali, kwa hati ya mauziano inayoonyesha kwamba mama ameridhia. Hati hiyo nimeishika kwa mikono yangu. Mahali pa sahihi ya mama pana alama ya dole gumba, wino wa zambarau uliosambaa hadi kwenye mstari wa chini yake. Mama yangu amesoma mpaka darasa la saba, na tangu nipate akili sijamwona akiweka dole kwenye karatasi yoyote. Huandika jina lake lote, taratibu, herufi moja moja, hata kwenye daftari la kikoba.

Alipoonyeshwa hati hiyo hakupiga kelele. Alisema, "Mimi nimemwachia Mungu," akarudi jikoni, na tangu siku hiyo hajalizungumza. Mimi sikuweza kunyamaza vile. Mama mkubwa, dada yake mama, ambaye ni Mwislamu (ukoo wetu ni wa dini mbili, kama zilivyo koo nyingi za huku kwetu), alishauri tumsomee baba mdogo halbadiri, kisomo cha kumwapiza mkosaji. Nilikataa kwa mdomo, lakini nakiri kwamba moyoni nilitamani.

Mwaka huu baba mdogo aliugua kisukari, kidonda cha mguu kikakataa kupona, na mwezi uliopita akakatwa mguu chini ya goti. Majirani wakaanza kusema kwamba Mungu si Athumani, na kwamba malipo ni hapa hapa duniani. Habari hiyo ilinikuta juu ya ngazi nikichuma machungwa. Nilishuka, nikakaa juu ya gunia, na nilichokihisi kilikuwa furaha, furaha kamili, kama ya mtu aliyeshinda kesi. Aibu ilikuja baadaye, usiku, nilipokumbuka kwamba ndiye mtu aliyenibeba mabegani kwenda maulidi na kwenda kanisani, kote kuwili, nilipokuwa mdogo.

Sasa mwanawe ameweka tangazo la mchango wa matibabu kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Karibu kila mtu ameandika kiasi chake, isipokuwa mama na mimi.

Nauliza, basi: mtu anayesema amemwachia Mungu, amefanya nini hasa? Ikiwa alikuwa akisubiri kwa hamu mkono wa Mungu umpige adui yake, je, hajalipiza kisasi kwa mkono mwingine tu? Nikienda kushtaki ili shamba lirudi, je, nitakuwa nimemnyang'anya Mungu kesi ambayo mama alikwisha kumkabidhi? Na huo mchango, nitoe nikiwa na moyo kama huu nilio nao?

Mwinjilisti Mstaafu (Iringa) – jibu

Mwanangu, neno ambalo sisi Wakristo hulirudia katika jambo hili ni la Mtume Paulo katika Warumi 12:19: "Wapenzi, msijilipize kisasi, bali ipisheni ghadhabu ya Mungu." Nimelihubiri miaka mingi, na naomba ulitazame tendo moja tu lililomo, kupisha. Wewe ni mtu wa mashamba, unajua njia nyembamba ya katikati ya mazao. Anayempisha mwenzake husogea pembeni akasimama. Haendelei kukaa katikati ya njia, lakini pia hamshiki mkono anayepita na kumwonyesha nyumba ya kuingia. Wengi wetu tunaposema tumemwachia Mungu, tumesogea pembeni kwa miguu tu, huku kidole kikiendelea kuelekeza: pita hapa, mpige huyu, anzia na mguu. Hapo ndipo swali lako la kwanza lilipo, na kwa maoni yangu umelijibu mwenyewe ulipokaa juu ya lile gunia.

Msome Daudi katika 1 Samweli 24. Mfalme Sauli, aliyekuwa akimwinda, aliingia katika pango la jangwa la En-gedi asijue kwamba Daudi na watu wake wamo ndani. Watu wa Daudi walimwambia kwamba hii ndiyo siku aliyoahidiwa na Bwana, yaani walimpa kisasi kikiwa kimevishwa mavazi ya dini. Daudi akakata upindo wa vazi la Sauli, basi, na hata kwa kipande kile cha nguo moyo wake ulimchoma. Kisha akatoka pangoni, akamwambia Sauli kwamba Bwana ndiye atakayeamua kati yao, lakini mkono wake yeye hautakuwa juu yake. Angalia kwamba hakunyamaza. Alikishika kile kipande, akamwonyesha, akamtajia kosa lake. Kumwachia Mungu hakukumfanya aseme kwamba hakudhulumiwa.

Wala usidhani kwamba Daudi alikuwa mpole kwa asili. Sura inayofuata, Nabali anamtukana na kumnyima chakula, na Daudi yule yule anafunga upanga na kuondoka na watu 400 kwenda kuua wanaume wote wa nyumba ile. Mtu anaweza kumsamehe mfalme anayetaka kumuua, akashindwa kulistahimili tusi la tajiri mmoja. Aliyemzuia ni Abigaili, mke wa Nabali, aliyetoka mbio na punda waliobeba mikate 200, viriba vya divai na kondoo 5 waliokwisha kuandaliwa, akamkuta njiani na kumsihi asijitie hatiani kwa kumwaga damu ili ajilipizie mwenyewe. Nabali alikufa siku 10 hivi baadaye bila mkono wa mtu, na katika shukrani zake Daudi alimhimidi Mungu pia kwa kumzuia yeye mwenyewe asitende mabaya. Na Sauli alipokufa vitani, Daudi alirarua mavazi yake, akalia, akafunga mpaka jioni.

Kuhusu mguu wa baba yako mdogo nitasema kwa ukali kidogo, nawe unisamehe. Majirani wenu hawana ufunuo wowote. Kisukari kinawakata miguu wajane, wachungaji na watoto wa watu wema. Yesu alipoulizwa habari za mtu aliyezaliwa kipofu, kwamba ni nani aliyetenda dhambi, alikataa hesabu hiyo, na alipotaja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu alisema hawakuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Tunaamini kwamba Mungu huhukumu. Hatukupewa daftari la kusoma hukumu zake katika wodi za hospitali.

Juu ya kushtaki, Paulo huyo huyo aliyeandika "msijilipize kisasi" aliendelea kuandika, katika sura ya 13, kwamba mwenye mamlaka ni mtumishi wa Mungu. Kule Filipi, alipopigwa na kufungwa bila kuhukumiwa, alikataa kutolewa gerezani kwa siri, akataka wakubwa waje wenyewe. Baadaye akakata rufani kwa Kaisari. Naye mjane wa Luka 18 alikwenda kwa kadhi dhalimu tena na tena akisema, "Nipatie haki na adui wangu," na Bwana wetu akamfanya mfano wa maombi. Ni kweli kwamba katika 1 Wakorintho 6 Paulo anawakemea ndugu kwa kupelekana mahakamani, lakini anauliza kama hakuna hata mmoja mwenye hekima kati yao awezaye kuamua. Anaanza na wazee. Je, ukoo umewahi kukaa kikao juu ya shamba hili?

Mchango toa, hata kama moyo haujatulia. "Adui yako akiwa na njaa, mlishe" haikuandikwa na sharti kwamba kwanza uanze kumpenda.

Ustadhi wa Madrasa (Mombasa) – jibu

Assalaam alaykum warahmatullah. Ndugu yangu, Mzee Mwinjilisti amekujibu kwa kitabu chake, nami nitasema kwa upande wa mama yako mkubwa, kwa sababu neno halbadiri limetajwa na linahitaji maelezo.

Halbadiri ni usomaji wa majina ya Masahaba waliopigana vita vya Badri, mwaka wa pili wa Hijra, wanaokadiriwa kuwa 313. Huku pwani, mtu akiibiwa au akidhulumiwa, hutangaza mtaani kwamba siku fulani atasoma, ili mwenye hatia arudishe mali kabla ya ubani kuwashwa. Masheikh wamehitilafiana juu yake: wapo wanaoiona kuwa ni tawasuli, yaani kumwomba Mungu kwa kupitia watu wema, na wapo wanaoikataza kabisa. Mimi ni katika wanaoikataza, na sababu yangu kubwa ni ile nia ambayo watu huwa nayo, kwamba mtu fulani avimbe, apooze au afe. Aliyedhulumiwa hahitaji njia hiyo. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipomtuma sahaba wake Muadh kwenda Yemen alimuusia aiogope dua ya aliyedhulumiwa, kwani hakuna pazia kati yake na Mwenyezi Mungu. Neno la mama yako, "nimemwachia Mungu," alilolisema na kisha akarudi jikoni, ni zito kuliko kisomo cha watu hamsini.

Uislamu haukumwambia aliyedhulumiwa kwamba hana haki. Suratu Shura, aya ya 40, inasema malipo ya uovu ni uovu mfano wake, lakini mwenye kusamehe na kusuluhisha, ujira wake uko kwa Mwenyezi Mungu, na aya inayofuata inasema kwamba wanaojitetea baada ya kudhulumiwa hapana njia ya kuwalaumu. Milango yote miwili iko wazi, ule wa haki na ule wa msamaha, na wa pili ni bora. Uliofungwa ni mlango wa tatu, wa kulipa zaidi ya ulivyotendewa. Ekari 3 hazilipwi kwa mguu. Ukifurahia mguu, umeshachukua kisichokuwa chako.

Tena, kwetu sisi maradhi humfutia Mwislamu madhambi yake, hata mwiba unaomchoma. Kwa hiyo wanaosema kwamba baba yako mdogo analipa kwa ugonjwa huenda wamegeuza mambo juu chini, kwani kwa alilomkosea Mola wake, ugonjwa huo unaweza kuwa rehema. Lakini alilomkosea mama yako ni haki ya mja, na haki ya mja haifutwi na ugonjwa wala na sala za usiku, mpaka mwenye nayo arudishiwe au asamehe. Katika hadithi ya muflisi, mtu anakuja Siku ya Kiyama na sala, saumu na zaka nyingi, lakini alikula mali ya huyu na akampiga yule, basi thawabu zake zinagawiwa kwa aliowadhulumu, na zikiisha, anabebeshwa madhambi yao. Mimi nikiwa ni yeye, nimelala wodini, ningeomba mtu anishtaki upesi nilipe ningali hapa.

Nikusimulie habari moja, kisha nimalize. Bi Aisha, mke wa Mtume na binti wa Abubakar, alipozuliwa uongo, miongoni mwa walioueneza alikuwamo Mistah, jamaa wa Abubakar, maskini aliyekuwa akiishi kwa msaada wa Abubakar mwenyewe. Baba gani angeendelea kumlisha mtu wa namna hiyo? Abubakar akaapa kwamba hatampa kitu tena. Ndipo ikateremka aya ya 22 ya Suratu Nur, inayowakataza wenye uwezo kuapa kutowapa jamaa zao, na kuwauliza: je, nyinyi hampendi Mwenyezi Mungu akusameheni? Abubakar akasema kwamba hakika anapenda, akarudisha msaada. Na imepokewa kwamba Mistah alipigwa bakora za adhabu ya wazushi. Alihukumiwa, na aliendelea kulishwa. Hayo mawili yalikaa pamoja. Mwambie pia mama yako mkubwa, kwa adabu, kwamba Mistah naye alikuwa mtu wa Badri, kwa hiyo akisoma halbadiri kumwangamiza jamaa aliyekosa, ajue kwamba katika orodha ile limo jina la jamaa aliyekosa akasamehewa.

Msaidizi wa Kisheria (Morogoro) – jibu

Nawaheshimu wazee wangu wawili na nimejifunza kwao, lakini kuna jambo sitaki lipite bila kusemwa. Katika kazi yangu nimewasikia wajane wengi wakisema "nimemwachia Mungu", na si mara zote neno hilo lilitoka kwao wenyewe. Mara nyingi waliambiwa na ndugu wa mume, au na watu wa dini waliokalishwa na ndugu wa mume, na waliokuwa wa kwanza kusema "mwachie Mungu" ndio waliokuwa wamekula. Maneno matakatifu yanayotumiwa kumziba mjane mdomo ni dhuluma ya pili juu ya ile ya kwanza. Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa mama yako. Nauliza tu kama kuna aliyewahi kukaa naye akamuuliza alimaanisha nini, kwa sababu ninyi nyote mmekuwa mkiufasiri ukimya wake.

Sheria nayo ina saa yake. Muda wa kudai ardhi ni miaka 12, na kwa ardhi ya marehemu hesabu inaweza kuanzia siku aliyofariki, kwa hiyo msihesabu mkichelewa. Mwenye mamlaka ya kudai ni msimamizi wa mirathi, ambaye ni mama yako, si wewe. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Baraza la Kata halitoi hukumu katika migogoro ya ardhi. Linasuluhisha tu, na likishindwa ndani ya siku 30, shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya sheria yenyewe ni suluhu, jambo ambalo naona wazee wote wawili wanaliunga mkono. Alama ya dole inaweza kulinganishwa na wataalamu wa Polisi. Kughushi ni jinai, na hilo ni shauri jingine. Mnaweza kudai shamba bila kutaka mgonjwa apelekwe gerezani, na hapo ndipo, kwa macho ya kazi yangu, mtu anayetaka haki hutofautiana na anayetaka kisasi: muulize akirudishiwa chake leo, kesho atataka nini tena.

Mwana wa Michungwa (Tanga) – baada ya wiki mbili

Nawashukuru nyote, na naomba radhi kwa kuchelewa. Niliyasoma majibu yenu mara nyingi, kisha jioni moja nikamsomea mama kwa sauti, yote matatu, yeye akichambua mchele. Nilipofika kwenye swali la dada wa Morogoro niliacha kusoma nikamuuliza. Alichukua muda mrefu. Kisha akasema, "Baba yako mdogo ndiye niliyemwachia Mungu. Shamba sikumwachia mtu."

Nikamuuliza kwa nini, basi, alinyamaza miaka yote hii. Akasema aliogopa panga langu. Alikuwa ameliona chini ya kitanda wiki ile ile ya hati, nami nilidhani hakuna ajuaye. Aliona kwamba akilia mbele yangu hata mara moja, nitatoka usiku. Nimejifikiria kwa siku hizi zote kama mwana aliyekuwa akimtetea mama yake, kumbe mama ndiye aliyekuwa Abigaili, na njia aliyosimama kunizuia ilikuwa ni kukaa kimya.

Kikao cha ukoo tulikiomba. Wazee wawili walikubali, wengine wakasema mgonjwa apone kwanza. Mchango mama aliutoa usiku ule ule, shilingi 30,000, akaniagiza niandike jina lake. Mimi niliandika 20,000 chini yake. Sitasema kwamba nilitoa kwa moyo mweupe, kwa maana kidole kilisita juu ya simu, na hata sasa nikipita zile ekari 3 na kuona michungwa ya baba imekatwa kwa ajili ya kiwanja, kifua hubana. Ila lile panga limerudi shambani, linafanya kazi ya kufyeka majani.

Jumatatu tulikwenda Baraza la Kata. Katibu alipomaliza kujaza malalamiko, alimtazama mama, mwanamke wa makamo mwenye khanga mbili na viatu vya plastiki, akamsogezea pedi ya wino. Mama akairudisha kwa upole na kuomba kalamu. Aliandika jina lake lote, herufi moja moja, na katibu akangoja mpaka alipomaliza.